Wimbi Lisilo na Upepo: Kuisoma Bahari ya Taghazout



Baada ya sala ya Isha, mama mmoja wa mtaani kwetu alinisubiri barazani, simu mkononi. Kijana wake anasoma Moroko, na likizo hii amekwenda na wenzake kijiji cha Taghazout kujifunza kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. "Maalim," akaniuliza, "mwanangu ameniletea picha, bahari shwari, jua linawaka. Lakini aniambia kesho mawimbi yatakuwa makubwa, wameshayaona kwenye simu. Je, huko si kudai kuijua ghaibu? Na kama si ghaibu, nimruhusu kuingia?"

Maswali yake mawili nimeona tuyajibu mbele ya wasomaji wote, kwani ni nyumba chache za pwani zisizo na kijana apendaye maji.

Taghazout ni kijiji cha wavuvi wa Kiamazigh, karibu kilomita 20 kaskazini ya Agadir, katika pwani ya Atlantiki. Jirani yake ipo rasi ya mawe iitwayo Anchor Point. Wimbi likiifikia rasi hiyo halivunjiki lote kwa pamoja. Huanza kuvunjika nchani, likapinda, kisha likaendelea kuvunjika hatua kwa hatua likiuandama ukingo wa mawe. Kwa hiyo fundi aliyebobea aweza kuteleza juu ya wimbi moja mamia ya mita. Kwa sababu hiyo hiyo mahali hapo si pa mwanafunzi: chini ni mawe, na siku ya mawimbi makubwa mkondo huvuta kwa nguvu.

Jawabu la swali la kwanza ni kwamba hiyo si ghaibu. Wimbi litakalofika kesho limeshazaliwa. Wakati wa baridi, dhoruba huvuma Atlantiki ya kaskazini, nazo husukuma maji kwa siku kadhaa. Mawimbi yakishatoka ndani ya dhoruba husafiri peke yake, wala hayahitaji upepo tena. Yale ambayo baina ya wimbi na wimbi hupita sekunde 16 huenda kama kilomita 45 kwa saa. Yale ya sekunde 10 huenda kama kilomita 28. Dhoruba ikiwa umbali wa kilomita 2,000, ya kwanza yatafika baada ya siku mbili hivi, na ya pili baada ya siku tatu. Mwenye kujua yalikotoka na mwendo wake hupiga hesabu tu, kama tupigavyo hesabu ya bamvua kwa kuutazama mwezi.

Elimu hii ina historia na pwani hiyo hiyo. Majeshi ya Marekani yalipokuwa yakijiandaa kuteremka Moroko, Novemba 1942, ilihofiwa kwamba mawimbi ya msimu wa baridi yangezipindua mashua zao. Wataalamu wawili, Harald Sverdrup na mwanafunzi wake Walter Munk, wakatunga kanuni za kukadiria mawimbi kwa kuangalia nguvu ya upepo, muda uliovuma, na upana wa bahari uliovuma juu yake. Mwaka 1944 kanuni hizo zilitumika kwa fukwe za Normandy. Leo kazi hiyo hufanywa na kompyuta, zikisaidiwa na setilaiti na maboya ya kupimia.

Wengi husoma kimo peke yake, na hapo ndipo penye hatari. Simu ikisema mita 2, hicho ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Wimbi mojamoja laweza kukaribia maradufu yake. Pili, zitazamwe sekunde. Mita 2 za sekunde 8 ni rabsha ya upepo wa karibu, lakini mita 2 za sekunde 16 zimebeba nguvu ya kilindi, nazo huinuka zaidi zikigusa maji machache. Tatu, utazamwe mwelekeo: Anchor Point hupokea vyema mawimbi yatokayo magharibi na kaskazini-magharibi. Kisha huja upepo. Ule wa kutoka bara, mfano wa umande wetu wa alfajiri, hulisimamisha wimbi likawa safi. Mwisho ni kujaa na kupwa, maana maji yakipwa mawe huwa karibu na miguu.

Wazazi wenzangu, watoto wetu wamejifunza kuogelea ndani ya miamba ya matumbawe, ambayo huyavunja mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Taghazout haina ngome hiyo. Mawimbi ya mbali huja kwa makundi. Baina ya kundi na kundi bahari hulala dakika nyingi chini ya jua zuri, na mgeni akadhani ni salama. Picha aliyoipata mama yule ilikuwa ya kweli, ila ilipigwa katika kituo hicho.

Kuhusu swali la pili nilimwambia: usimkataze bahari, mkataze rasi. Mwanafunzi mahali pake ni ufuo wa mchanga, pamoja na mwalimu. Na kabla ya kuingia popote, akae nchi kavu nusu saa atazame, kisha awaulize wavuvi. Kutawakali si kuacha sababu, na kuijua saa ya wimbi hakumpi mtu nguvu ya kulikabili.

Siku ya pili jioni alinisomea ujumbe wa kijana wake: "Mama, nilikaa juu ya mwamba. Kwa robo saa sikuona kitu, nikataka kushuka. Kisha yakaja saba, moja baada ya jingine, mawe yote yakafunikwa. Nimerudi ufuoni."

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, wa barani na wa baharini. Amin. Wabillahi tawfiq.