Shahada ya uzamili ya sheria za biashara ya kimataifa yaigusa karafuu ya Pemba

GUNIA la karafuu linapotoka Pemba kwenda ng'ambo husafiri pamoja na karatasi nyingi: mkataba wa mauzo, hati ya shehena, bima na dhamana ya malipo ya benki. Kila karatasi ina sheria yake, na mara nyingi sheria hiyo haikutungwa Zanzibar wala Dodoma.

Hilo ndilo eneo linaloshughulikiwa na shahada ya uzamili katika sheria za biashara ya kimataifa. Masomo hayo ni ya mtu aliyekwisha kupata shahada ya kwanza ya sheria. Kwa kawaida huchukua mwaka mmoja hadi miwili na humalizika kwa tasnifu.

Pemba, ambayo hutoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, ina sababu ya pekee ya kuyatazama masomo hayo. Kwa miongo mingi mkulima wa Wete au Mkoani amekuwa akiuza karafuu kavu kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), nalo shirika hujadiliana na mnunuzi wa nje. Mkulima hayupo mezani mkataba unapotiwa saini, lakini mkataba ukiwa na kasoro, hasara yake inaweza kumfikia shambani kupitia bei.

Mwanafunzi wa fani hii hufundishwa kwanza kuuliza ni sheria ya nchi gani itakayotumika. Upo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1980, uliotiwa saini Vienna, unaohusu mauzo ya bidhaa baina ya nchi na nchi. Uganda ilijiunga nao mwaka 1992 na Singapore mwaka 1995, lakini India, mnunuzi wa siku nyingi wa karafuu za Zanzibar, haikujiunga. Sheria ya mikataba ya Zanzibar ina asili yake katika sheria ya India ya mwaka 1872. Hata hivyo, kufanana huko hakumwondolei muuzaji haja ya kuandika waziwazi ni sheria ipi itakayotawala mkataba wake.

Suala la pili ni wakati ambapo hatari ya kupotea au kuharibika kwa mali humhamia mnunuzi. Masharti ya FOB na CIF yamo katika kanuni zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara, chenye makao yake Paris. Wengi hudhani kwamba chini ya CIF muuzaji hubeba hatari hadi bandari ya mwisho kwa kuwa ndiye anayelipa nauli na bima. Sivyo. Hatari humhamia mnunuzi mara mzigo unapopakiwa melini, kama ilivyo katika FOB.

Suala la tatu ni utatuzi wa migogoro. Mkataba wa New York wa mwaka 1958, ambao Jamhuri ya Muungano ilijiunga nao mwaka 1964, huwezesha uamuzi wa wasuluhishi uliotolewa katika nchi moja mwanachama kutekelezwa katika nyingine. India na Singapore nazo ni wanachama.

Mwanasheria wa Zanzibar ana mzigo wa ziada. Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 1977, biashara ya nchi za nje ni jambo la Muungano, lakini Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na sheria yake ya mali za viwanda ya mwaka 2008. Alama ya biashara iliyosajiliwa Tanzania Bara pekee haipati ulinzi Visiwani.

Kwa anayetaka kusoma karibu, ufundishaji wa sheria Dar es Salaam ulianza Oktoba 1961. Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu, Unguja, kilichoanzishwa mwaka 1998, nacho hufundisha sheria, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hufundisha kwa masafa. Kwa Uingereza upo ufadhili wa Jumuiya ya Madola na ule wa Chevening, ambao humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili na arejee nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo.

Mwombaji anapaswa kuhakikisha kwamba shahada ya nje itatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Aelewe pia kwamba shahada hii peke yake haimpi mtu haki ya kusimama mahakamani kama wakili.

Tasnifu nayo huweza kuchaguliwa kutoka nyumbani: ulinzi wa jina la karafuu ya Zanzibar katika masoko ya nje, au mikataba ya mwani, zao linalolimwa kibiashara Zanzibar tangu mwaka 1989, hasa na wanawake, na kununuliwa na makampuni binafsi. Mkulima wa mwani, tofauti na wa karafuu, hushughulika na kampuni moja kwa moja, na mara nyingi hana mwanasheria wa kumsomea masharti kabla ya kukubali bei.