Mgomba Huegemezwa Kabla ya Upepo



Wengi wetu hapa pwani tumezila ndizi za Mitunguu kabla ya kulisikia jina lake. Mji huo uko Imenti ya Kusini, Kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya chini ya Mlima Kenya. Ni upande mkavu, lakini tangu miaka ya 1980 mashamba yake hunyweshwa maji ya mto yanayoshuka kwa mabomba, na migomba imetanda kila upande. Apitaye humo huona mgomba wenye mkungu umesimamishiwa gongo lenye panda, hali upepo haujavuma na shina halijainama. Mkulima ajua kwamba mkungu huchukua miezi mitatu au minne kukomaa, na uzito wake huongezeka kidogo kidogo. Akingoja mpaka shina lipinde, ataokota mkungu mchanga chini.

Moyo wa mwanadamu nao huelemewa vivyo hivyo. Mkulima huyo haijui bei ya ndizi zake mpaka siku mnunuzi anapofika. Karo haingoji, deni la dukani haliingoji bei, na mzee mgonjwa ataka dawa. Kwetu, mvuvi wa mtumbwi huzuiwa na bahari ya kusi, naye kijana wa bodaboda hulipa mkopo hata siku asiyopata abiria. Hakuna moja katika haya limwangushalo mtu peke yake. Humwangusha yakikusanyika, naye amenyamaza.

Dalili hutangulia. Usingizi hukatika usiku wa manane, chakula hukosa ladha, mabega na kichwa huuma bila sababu. Baba aliyekuwa mpole huwa mkali kwa kikombe kilichovunjika. Mama huswali kwa viungo na moyo wake uko kwingine. Mara nyingi watu wa nyumbani huyaona haya kabla ya mwenyewe, basi wasiyapuuze.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea maana ya subira. Tumedhani kuwa mwenye subira ni yule asiyesema. Nabii Yaqub, amani iwe juu yake, alihuzunika kwa ajili ya mwanawe hata macho yake yakawa meupe, wala hakuna awezaye kusema imani yake ilipungua. Abu Daud amepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliingia msikitini siku moja akamkuta Abu Umama, mtu wa Answari, ameketi peke yake wakati usio wa swala. Alimuuliza sababu. Abu Umama akajibu waziwazi kuwa ni hamu na madeni yaliyomganda. Mtume hakumkaripia, bali alimfundisha dua ya asubuhi na jioni, ya kujikinga na hamu na huzuni, na kushindwa na uvivu, na uzito wa deni. Tuzingatie kwamba mmoja aliuliza, na mwingine hakuficha.

Wanazuoni wetu waliliandikia jambo hili zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), alitunga kitabu cha kutunza miili na nafsi pamoja. Alishauri kwamba, kama mtu anavyoweka dawa nyumbani kabla ya maradhi, aweke pia fikra njema akiwa ametulia, apate kuzishika siku ya dhiki. Hilo ndilo gongo la mgomba.

Basi tufanyeje? Kwanza, deni liandikwe. Deni lililo kichwani huonekana kumi usiku. Likiwa karatasini huhesabika. Kisha mwenye kudai aendewe kabla ya siku ya ahadi, si baada yake. Pili, mkulima hung'oa machipukizi yanayozidi ili mgomba mama usinyonywe; nasi tujifunze kusema hapana kwa sherehe na michango iliyo juu ya uwezo wetu. Tatu, tulale mapema. Mtume alichukia mazungumzo yasiyo na haja baada ya Isha. Leo mazungumzo hayo yamo ndani ya simu, hata kitandani. Nne, hasira ikipanda, aliyesimama aketi, na ikibaki, alale chini, ndivyo tulivyofundishwa. Swala nazo tuzifanye pumziko, kama Mtume alivyomtaka Bilal awapumzishe kwayo, isiwe mzigo mwingine wa kutua haraka.

Tano, tafuta mtu mmoja mwaminifu umwambie, awe mke, mume, ndugu au imamu. Nawe unayeambiwa, jihadhari. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usiharakishe kumwambia kuwa wengine wana shida kubwa zaidi, wala usimhukumu kuwa ana udhaifu wa imani. Sikiliza hadi mwisho, ndipo useme.

Na pale huzuni au wasiwasi unapodumu majuma mawili, na kazi na ibada vikashindikana, aende hospitali. Kisomo hakizuii tiba, na Mtume ametuamrisha kujitibu. Akitamka kwamba maisha hayana haja tena, asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Hapo hakuna aibu ya kuficha. Aibu ni kumzika mtu ambaye sote tulimwona akiinama.

Wiki hii, baada ya Magharibi, kila mwenye nyumba na awaulize walio chini ya dari yake jambo linalowalemea, kisha anyamaze asikie.

Mwenyezi Mungu atuondolee hamu zetu na atufanye egemeo la wenzetu. Wabillahi tawfiq.