Mzigo Usiosubiri Jumatatu

Ijumaa alasiri ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa mzigo wa baridi kutua katika Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa. Benki zinafunga, ofisi za vibali zinamalizia faili za wiki, magari yamekwama Magongo nyuma ya malori, na ndani ya boksi la povu barafu kavu inazidi kupungua. Barafu hiyo haiachi maji. Hugeuka gesi moja kwa moja ikiwa na baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, na ikiisha imekwisha. Chini yake kuna vichupa visivyofikia urefu wa kidole, vyenye vitendanishi vya kupimia vinasaba. Anayepiga simu huku na huku ili boksi litoke kabla ya magharibi si polisi wala karani wa mahakama. Ni mtu wa biashara. Kadi yake imeandikwa msimamizi wa wateja, na wateja wenyewe ni maabara za uchunguzi wa jinai.

Wateja hao ni wachache. Kuna Mkemia wa Serikali, mwenye maabara Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kuna maabara ya taifa ya idara ya upelelezi, DCI, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2022 kando ya barabara ya Kiambu. Kuna ya Shirika la Wanyamapori, KWS, iliyoanza 2015. Ukiongeza maabara chache za kibinafsi zinazopima baba wa mtoto ni nani, soko limekwisha. Muuza simiti akikosana na fundi mmoja atampata mwingine mtaa wa pili. Huyu akimkosea mkuu mmoja wa maabara, amepoteza sehemu kubwa ya riziki yake.

Kazi yenyewe ingeweza kufanyiwa Nairobi, na wengi huifanyia huko. Lakini anayekaa Port Reitz ana faida yake: uwanja wa ndege uko upande huu, makontena ya Kipevu upande ule, katikati ni Chaani na Migadini na trela zisizokwisha. Vitendanishi huja kwa ndege; mashine nzito huja kwa meli. Hori la Port Reitz lilipewa jina la Luteni John Reitz wa jeshi la majini la Uingereza, aliyewekwa kuisimamia Mombasa mwaka 1824 na asimalize mwaka huo kabla homa haijamuua. Maji hayohayo yanayoleta mashine ndiyo yanayopitisha vitu ambavyo mashine hizo huitwa kuvitambua.

Mwaka 2015 makontena ya majani chai yaliyotoka Mombasa yalifunguliwa Thailand na Singapore, ndani mkakutwa pembe za ndovu. Shehena ya Singapore ilikuwa ya tani 3.7. Miaka mitatu baadaye Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walieleza walichokisoma katika vinasaba vya pembe zilizokamatwa sehemu mbalimbali. Mara nyingi pembe mbili za ndovu mmoja zilikuwa zimetenganishwa, kila moja na kontena lake, lakini zikatoka bandari moja kwa nyakati zinazokaribiana. Kwa njia hiyo waliitambua mitandao mitatu mikubwa, na vituo vyake vilikuwa Mombasa, Entebbe na Lomé. Tukio jingine ni la meli ya Al Noor, iliyokamatwa mwaka 2014 ikiwa na zaidi ya kilo 370 za heroini ndani ya tangi la dizeli. Mwezi Agosti mwaka huo ililipuliwa baharini. Meli ikazama, kesi ikaendelea kwa miaka.

Hapo ndipo pana kitu ambacho mtu wa nje hakitarajii. Ili maabara iseme kwa hakika kwamba unga huu ni heroini, inahitaji heroini halali ya kulinganishia, safi, yenye cheti cha kiwango chake. Ni miligramu chache tu, lakini kisheria bado ni dawa ya kulevya. Nchi inayouza lazima itoe kibali cha kutoka, Kenya nayo itoe kibali cha kuingia, chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961. Muuzaji anaweza kuhangaikia kibali cha kichupa kimoja kwa wiki nyingi, huku akitazama malori yakipita nje ya ofisi yake na asijue yamebeba nini.

Lugha ya kazi hii ni simu. Kwa wakala wa forodha: “Ndugu yangu, hilo boksi lina barafu, si viatu.” Kwa mkuu wa maabara: “Daktari, shikamoo. Mzigo umeshuka, nipe mpaka saa kumi.” Daktari naye huuliza swali moja tu: je, kifaa cha kurekodi joto kilichosafiri ndani ya boksi kinasema nini? Vitendanishi vingi vya vinasaba hutaka nyuzi 20 chini ya sifuri kabla ya kufunguliwa, na vingine huharibiwa na mwanga. Grafu ikionyesha baridi ilikatika Dubai au Nairobi, boksi zima linakataliwa, na hasara inaanza kutafuta mwenyewe.

Lipo jambo asiloruhusiwa kuliuliza: hivi vichupa vinakwenda kwenye kesi gani? Hata akijua, na magazeti yakiwa yamejaa habari ni rahisi kujua, hunyamaza. Muuzaji anayeulizia majibu hugeuka shahidi wa utetezi bila kupenda.

Kesi ya Shakahola ilikuwa vigumu kujifanya huijui. Tangu Aprili 2023 msitu ule wa Kilifi ulifukuliwa hadi miili ikapita 400, na mingi haikuweza kutambuliwa kwa macho. Familia zilitoa mate na damu, zikasubiri. Miili ya kwanza ilikabidhiwa Malindi mwishoni mwa Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Miongoni mwa sababu za kuchelewa zilizotajwa hadharani ni uhaba wa vitendanishi. Mashine ya mamilioni bila vichupa ni samani. Nionavyo mimi, kosa liko kwenye bajeti: ununuzi wa mashine hukatiwa utepe na kupigwa picha, lakini vitendanishi, ambavyo vina tarehe ya kuharibika na lazima vinunuliwe tena na tena, huachwa vigombanie fedha na karatasi na wino. Oda hazifuati idadi ya kesi, zinafuata kalenda ya Hazina. Mwezi Juni, kabla mwaka wa fedha haujafungwa tarehe 30, simu hazinyamazi. Baadaye ni ukimya wa miezi, na kwa muuzaji ni madeni ya serikali ambayo benki yake haitaki kusikia habari zake.

Kuchelewa ni aibu, lakini uchafu ni hatari zaidi. Kwa miaka mingi polisi wa Ujerumani na nchi jirani walimsaka mwanamke asiye na jina ambaye vinasaba vyake vilikutwa katika matukio takriban 40 yaliyotokea tangu 1993, wizi mdogo pamoja na mauaji, likiwemo la afisa wa polisi mjini Heilbronn mwaka 2007. Zawadi ilifika euro 300,000. Mwaka 2009 ikabainika kwamba hakukuwa na muuaji wa namna hiyo. Vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli vilikuwa vimeguswa na mfanyakazi wa kiwanda kilichovifungasha. Vilikuwa vimeuliwa vijidudu, lakini vinasaba havifi kwa njia hiyo. Mwaka 2016 kikatolewa kiwango cha kimataifa, ISO 18385, cha vifaa vya aina hii.

Tangu hapo boksi la vijiti si boksi la vijiti tu. Kila fungu lina namba yake na cheti chake, na msimamizi wa wateja huweka nakala. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinairuhusu mahakama kuipokea ripoti ya mkemia bila yeye kuwepo, lakini pia kinaipa mamlaka ya kumwita aje ahojiwe. Wakili makini akianza, huuliza mashine ilirekebishwa lini, vitendanishi viliisha muda lini, namba ya fungu ni ipi. Mkemia hutoka kizimbani akapiga simu Port Reitz kuomba karatasi za mzigo uliotua miaka kadhaa nyuma. Na zipo maabara ambazo, kabla ya kumruhusu fundi au muuzaji avuke mlango wa chumba cha sampuli, humpa kijiti cha pamba ajipanguse shavuni kwa ndani, vinasaba vyake vihifadhiwe, ili siku vikijitokeza mahali visipotakiwa wajue ni vya nani.