Upepo wa juu wa Mchina, mkono wa juu wa Mwingereza

Mchina akitaka kusema kwamba fulani amemzidi mpinzani wake, husema ‘zhan shangfeng’, yaani ameshika upepo wa juu. Picha yenyewe haina ugumu: anayepigana akiwa upande unakotoka upepo, mshale wake husukumwa mbele na vumbi humwendea adui machoni. Mwingereza naye husema ‘to have the upper hand’, kuwa na mkono wa juu. Mchina anayejifunza Kiingereza akiutafsiri upepo wake neno kwa neno hataeleweka, lakini akiweka mkono mahali pa upepo, maana inakaa sawa. ‘To have the edge’ ni tofauti kidogo: hapo mtu amezidi kwa unywele tu, na bado anaweza kupitwa.

Kwenye karata hata sisi tumo. Mchina ana ‘wangpai’, karata ya mfalme. Mwingereza huficha yake ndani ya mkono wa shati, ‘an ace up one’s sleeve’. Nasi tuna turufu, neno tulilopata kwa Wareno. Nahau ya Mwingereza pekee ndiyo inayonuka udanganyifu, ingawa siku hizi wengi huitumia bila lawama yoyote.

Kwa maoni yangu, hatari haiko kwenye picha hizi. Iko kwenye msemo wa kawaida kabisa, ‘to take advantage of’. Mwanafunzi huambiwa kuwa maana yake ni ‘liyong’, kutumia. Sawa, iwapo kinachofuata ni nafasi au jua la asubuhi. Akifuata mtu, au wema wake, msemo unageuka shutuma: umemnyonya kwa sababu ni mpole. Mwanafunzi wa Beijing anayemwandikia profesa barua ya shukrani akisema ‘I took advantage of your kindness’ amekiri kosa ambalo hakulitenda. Na barua yenyewe huenda ilikuwa ya kuombea nafasi ya masomo!

Ajabu ni kwamba Kichina kina onyo lilo hilo: ‘zhan pianyi’, kujipatia faida kwa mgongo wa mwenzako. Kitenzi ni ‘zhan’ kile kile cha upepo wa juu. Ningekuwa nafundisha darasa hilo ningeanzia hapo, wala si kwenye ‘liyong’.

Sisi tunalielewa jambo hili upesi. ‘Nilitumia nafasi ile’ haina ubaya wowote. ‘Alinitumia, kisha akaniacha’ je? Kiambishi kimoja tu cha mtendwa kimeingia, na tayari wazee wameitwa kusuluhisha.