Mashairi ya Ukutani

Wanafunzi wetu wamezoea kukutana na shairi kitabuni, limepigwa chapa, na maswali ya mtihani yanalingoja chini yake. Huko Angel Island, kisiwa kilichomo katika ghuba ya San Francisco, Marekani, yapo mashairi yasomwayo ukutani, tena kwa taabu, kwani yalichongwa katika mbao na watu waliozuiliwa pasipo kushtakiwa kwa kosa lolote.

Mgeni huvuka kwa feri, kisha huifuata njia hadi jengo la mbao la orofa mbili. Hapo palikuwa kituo cha uhamiaji kuanzia mwaka wa 1910 hadi 1940. Wajapani, Wahindi, Wakorea na Warusi walipitia humo, lakini aghalabu waliokawizwa ni Wachina. Sheria ya mwaka wa 1882 ilikuwa imewafungia mlango vibarua wa Kichina. Waliosazwa ni wachache, wakiwemo wafanyabiashara na (wenzetu hao) walimu na wanafunzi. Halafu moto uliofuata tetemeko la ardhi la 1906 ukateketeza kumbukumbu za uzazi mjini San Francisco. Watu wakapata mwanya wa kudai kwamba walizaliwa humo, na vyeti vya wana wasiokuwa wana vikawa vyauzwa na kununuliwa.

Serikali nayo ikajibu kwa mtihani. Nyumba yenu kijijini ina vidato vingapi? Kisima kiko upande gani? Ni nani akaaye nyumba ya tatu katika safu ya pili? Jamaa aliyetangulia Marekani aliulizwa yayo hayo, na majibu yakihitilafiana, msafiri alikuwa hatarini kurudishwa. Wengi walikariri majibu melini, kisha wakazitupa karatasi baharini kabla ya kutia nanga. Wala tusiwaone hao kuwa walaghai tu. Hata mwana wa halali hakuwa na budi kukariri, kwani ni nani miongoni mwetu ajuaye idadi ya madirisha ya jirani yake?

Baina ya hoji na hoji palikuwa na kungoja. Mume alitengwa na mkewe. Watu walilala katika vitanda vilivyopandana vitatu vitatu, kwa majuma, kwa miezi, wengine kwa takriban miaka miwili. Hapo ndipo kuta zilipoanza kusema. Ajabu ni kuwa wengi wa watunzi hao, katika dhiki ile, hawakuiacha arudhi ya kwao: mistari minne au minane, kila mstari alama tano au saba, na vina mahali pake. Mwanafunzi anayelalamika kwamba vina na mizani ni minyororo na aitafakari habari hiyo, kisha amkumbuke Abdilatif Abdalla, ambaye tungo za Sauti ya Dhiki alizitunga gerezani hapa kwetu kati ya 1969 na 1972. Aliyefungwa aweza kuona katika arudhi kitu ambacho bado ni milki yake.

Wakuu wa kituo waliamuru kuta zipakwe rangi, na michoro ikazibwa. Wafungwa wakachonga tena. Rangi ile ile iliyokusudiwa kufuta ikawa inaihifadhi mbao.

Mnamo 1970 jengo lilikuwa limeachwa tu, likisubiri kubomolewa, wakati Alexander Weiss, askari wa hifadhi, alipomulika kuta zake kwa kurunzi na kuyaona maandishi. Wakubwa wake hawakuvutiwa. Akawaendea wanachuo, picha zikapigwa, Wamarekani wenye asili ya Asia wakapaza sauti, na mwaka wa 1976 bunge la jimbo la California likatoa dola 250,000 za kulihifadhi. Leo mashairi zaidi ya 200 yamekwisha kunakiliwa.

Utungo wa mwanamke haumo. Wanawake waliwekwa katika jengo la utawala, nalo liliungua Agosti 1940, likateketea pamoja na kuta zake.