Miti Mikubwa ya Ngezi Inasimama kwa Nini?

Mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika uko Kilimanjaro: mkukusu wa mita 81.5, uliotangazwa mwaka 2016. Umeota bondeni, umekingwa na upepo, katika udongo wa volkano wenye rutuba. Ndiyo maana mtu akitajiwa msitu wa miti mikubwa, fikra humpeleka mlimani. Pemba haina mlima. Hata hivyo, ukitoka Konde kwenda Vumawimbi, barabara inaingia katika msitu wa Ngezi, na hapo kuna mivule na mijoho inayokulazimisha kurudisha kichwa nyuma ili uone kilele.

Jibu liko chini, si juu. Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, na sehemu kubwa ya Ngezi ni bonde lenye unyevu. Udongo wenye maji mengi una hewa kidogo, kwa hiyo mizizi haizami sana; hutanda karibu na uso wa ardhi. Mti mkubwa hujitegemeza kwa mizizi iliyosimama ubavuni mwa shina kama mbao. Ukiiona, jua kwamba unatazama mti uliojenga msingi wake kwa upana baada ya kunyimwa kina.

Endelea kutembea. Chini ya miti hiyo utakutana na mpapindi, mti wa jamii ya minazi unaoota Pemba tu. Kisha udongo unageuka mchanga mweupe, na msitu unashuka ghafla kuwa vichaka vya jamii ya Erica, ambayo jamaa zake hutanda Kilimanjaro juu ya mita 3,000. Mvua ni ileile. Kilichobadilika ni mchanga usiohifadhi maji wala rutuba.

Udongo huo wa aina mbili unasaidia kueleza kwa nini Ngezi imebaki. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa shamba kuu la karafuu, na misitu yake mingi ikafyekwa. Lakini mkarafuu hautaki mizizi yake isimame majini, na mchanga mkavu haupendi. Bonde la Ngezi halikuwa chaguo la kwanza la mkulima.

Mbegu nazo zina wachukuzi. Popo mkubwa wa Pemba, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufikia takriban mita moja na nusu, hula matunda na kuangusha mbegu mbali na mti mama. Mwishoni mwa miaka ya 1980 uwindaji ulimfikisha karibu na kutoweka, lakini ulinzi umemrudisha.

Ukienda, nenda asubuhi, vaa viatu vilivyofunika mguu, na usitoke njiani: nyayo hushindilia udongo uliobeba mizizi. Mwombe mwongozaji asiishie kwenye miti mikubwa, akufikishe mchangani pia. Ukiona pande zote mbili utaelewa kwa nini mjoho ukikatwa bondeni, kupanda mche popote kisiwani si fidia.