Kufanana si ukoo: maneno ya kila siku katika lugha za Kiselti

Nilipopewa ekspoze katika kozi ya isimu linganishi, nilichagua lugha za Kiselti kwa sababu moja tu: nilidhani ni rahisi. Lugha hai ni sita, na maneno yake yanapatikana katika kamusi. Nikasimama mbele ya oditwari, nikaandika ubaoni neno la "kitabu" katika lugha tatu: "leabhar" ya Kiayalandi, "llyfr" ya Kiwelisi na "levr" ya Kibretoni. Nikasema kwa sauti ya mshindi: "Ndugu wenzangu, hapa undugu unaonekana kwa macho."

Mama Profesa, aliyekuwa amekaa nyuma, aliniuliza swali fupi: "Mwanangu, na meza?"

Wenzangu walicheka kabla mimi sijaelewa. Sisi tunasema "meza", na wenzetu wa Lingala wanasema "mesa". Kwa hoja yangu, neno hilo lingekuwa ushahidi kwamba lugha hizi mbili zina babu mmoja. Kumbe kila upande ulilipata kutoka kwa Wareno. Ni kweli kwamba Kiswahili na Lingala ni ndugu wa Kibantu, lakini "meza" si shahidi wa undugu huo. Vivyo hivyo, "leabhar", "llyfr" na "levr" ni watoto wa "liber", neno la Kilatini. Yaliingia pamoja na vitabu vyenyewe. Nilikuwa nimesema jambo la kweli nikitumia ushahidi wa uongo, na katika taaluma yetu hilo ni kosa kamili.

Makala haya ni ekspoze ile ile, baada ya kuifanya upya.

Jamaa wenyewe

Lugha za Kiselti zilizo hai leo zinagawanyika katika matawi mawili. Tawi la Kigaeli lina Kiayalandi, Kigaeli cha Uskoti na Kimanksi cha kisiwa cha Man. Tawi la Kibritoni lina Kiwelisi cha Wales, Kikorni cha Cornwall na Kibretoni cha Bretagne, nchini Ufaransa. Zamani kulikuwa na nyingine barani Ulaya, kama Kigauli, kilichosemwa Ufaransa kabla na wakati wa utawala wa Roma. Tusikosee hapa: Kibretoni si mabaki ya Kigauli. Kililetwa Bretagne na watu waliovuka bahari kutoka Britania, hasa katika karne ya 5 na ya 6.

Aliyewakusanya jamaa hawa mezani ni Edward Lhuyd, Mwelisi aliyekuwa mtunzaji wa jumba la makumbusho la Ashmolean mjini Oxford. Kati ya mwaka 1697 na 1701 alizunguka Wales, Uskoti, Ayalandi, Cornwall na Bretagne akiandika maneno ya watu. Huko Bretagne walimkamata wakidhani ni mpelelezi. Mwaka 1707 alichapa kitabu chake "Archaeologia Britannica", na ndani yake akaonyesha kwamba pale ambapo lugha za upande mmoja zina sauti ya "k", mara nyingi lugha za upande wa pili zina "p".

Sheria ya kichwa na mwana

Tuchukue neno la "kichwa". Kiayalandi na Kigaeli cha Uskoti wanasema "ceann", na Kimanksi "kione". Herufi "c" hapa inasomwa "k". Kiwelisi wanasema "pen", Kikorni na Kibretoni "penn". Kwa macho, "ceann" na "pen" hazifanani sana. Lakini tazama "nne": Kiayalandi "ceathair", Kiwelisi "pedwar", Kibretoni "pevar". Tazama "tano": "cúig", "pump", "pemp". Tazama "mwana wa kiume": "mac" kwa Wagaeli, "mab" kwa Wabritoni.

Katika "mwana", tofauti imehamia mwisho wa neno, na "p" imelegea ikawa "b". Mnalijua neno hili hata kama hamkujua kwamba mnalijua. "Mac" ndilo linaloanza majina kama MacDonald, yaani mwana wa Donald. Kwa Wawelisi "mab" lilifupishwa likawa "ap", likagandamana na jina la baba: ap Rhys akawa Price, ap Hywel akawa Powell.

Maelezo ni haya. Lugha-mama ya Kiselti ilikuwa na sauti moja ya "kw". Wagaeli walipoteza ile "w" wakabaki na "k". Wabritoni waliifunga midomo wakapata "p". Hii si dhana tupu. Ayalandi kuna mawe yaliyochongwa kwa maandishi ya Ogham, mengi yakiwa ya karne ya 4 hadi ya 7, na juu yake neno la "mwana wa" limeandikwa MAQI au MAQQI, kwa alama iliyokuwa tofauti na ile ya "k" ya kawaida. Jiwe limetunza sauti ambayo midomo ya watu iliiacha.

Sheria nyingine inahusu "s" ya mwanzo. Wagaeli waliihifadhi, kwa Wabritoni, katika maneno mengi, iligeuka "h". Chumvi ni "salann" kwa Kiayalandi, "halen" kwa Kiwelisi, "holen" kwa Kibretoni. Mzee, au kitu cha zamani, ni "sean" kwa Kiayalandi na "hen" kwa Kiwelisi. Na "w" ya mwanzo iligeuka "f" upande mmoja na "gw" au "g" upande mwingine: mwanamume ni "fear" kwa Kiayalandi, "gŵr" kwa Kiwelisi, "gour" kwa Kibretoni.

Kuna pia maneno ambayo sheria hizi hazikuyagusa sana, nayo yanafanana hata kwa asiyesoma isimu. Nyumba ni "teach" au "tigh" Ayalandi, "taigh" Uskoti, "thie" Man, "tŷ" Wales, "chi" Cornwall, "ti" Bretagne. Mzizi wake una maana ya kufunika. Ni ndugu wa "tegere" ya Kilatini. Kwa Waselti wa kale, nyumba ilipata jina lake kutoka kwenye paa.

Sauti iliyopotea

Sheria moja zaidi, na ndiyo iliyonisaidia kuliko zote. Kabla Kiselti hakijagawanyika, kilikuwa kimeshapoteza "p" ya asili, ile ya lugha-mama ya Kihindi-Kiulaya. Kilatini kina "pater", baba. Kiayalandi kina "athair". Kilatini kina "plenus", iliyojaa. Kiayalandi kina "lán" na Kiwelisi "llawn". Kwa hiyo "p" ya "pen" na "pedwar" si ile ya zamani. Ni mpya, iliyozaliwa kutoka "kw".

Sasa tumtazame samaki. Kilatini wanasema "piscis". Kiayalandi wanasema "iasc", bila "p", kama sheria inavyotaka: hili ni neno la urithi. Lakini Kiwelisi wanasema "pysgod" na Kibretoni "pesk". Ile "p" imetoka wapi, iwapo ya asili ilikwisha kupotea? Jibu ni kwamba Wabritoni walilikopa neno kwa Warumi. Roma ilitawala sehemu kubwa ya Britania kuanzia mwaka 43 hadi takriban mwaka 410, lakini haikuitawala Ayalandi.

Ndiyo maana vitu vya nyumbani na sokoni vina historia mbili. Dirisha kwa Kiwelisi ni "ffenestr", kutoka "fenestra" ya Kilatini, jamaa wa "fenêtre" ya Kifaransa. Kwa Kiayalandi ni "fuinneog", kutoka kwa mabaharia wa Skandinavia waliojenga miji ya pwani. Kwao neno hilo lilikuwa na maana ya jicho la upepo. Soko kwa Kiwelisi ni "marchnad", la Kilatini. Kwa Kiayalandi ni "margadh", la wale wale watu wa kaskazini. Dirisha la nyumba ya Mselti linaweza kukuambia nani aliwahi kupita mlangoni.

Mtego wa watoto

Nilipofika hapa nilidhani nimepona. Nina sheria mkononi, kwa hiyo sitadanganywa tena na "meza". Nikatafuta mfano mzuri wa kufungulia ekspoze ya pili, nikaupata: watoto. Kiayalandi "clann", Kiwelisi "plant". "K" upande wa Wagaeli, "p" upande wa Wabritoni, sawasawa na "ceann" na "pen". Safari hii, nikajiambia, Mama Profesa atanyamaza.

Kumbe huo ulikuwa mtego wa pili, tena mbaya kuliko wa kwanza.

Kilatini kina neno "planta", yaani chipukizi. Kama "clann" na "plant" zingekuwa urithi, zingetoka kwenye "kw" ya kale, na Kilatini kisingekuwa na "p" hapo. Na kama "p" ya Kilatini ingekuwa ya urithi wa wote, Kiselti kingekuwa kimeipoteza, kama katika "athair". Njia zote mbili zimefungwa. Inabaki ya tatu, mkopo. Wawelisi walilichukua "planta" kwa Warumi, na kutoka kusema "machipukizi" wakafika kusema "watoto". Neno likavuka bahari hadi Ayalandi. Lakini Waayalandi wa wakati ule hawakuwa na "p" hata moja katika lugha yao. Waliweka badala yake sauti waliyoiona karibu, "kw", ambayo baadaye ikawa "k". Mgeni akavaa nguo za mwenyeji, akatii hata desturi za nyumba.

Ndivyo walivyofanya na Pasaka pia: Kiwelisi "Pasg", Kiayalandi "Cáisc". Baadaye masikio ya Waayalandi yalizoea "p", na mikopo iliyofuata haikubadilishwa tena: "peccatum" ya Kilatini, dhambi, kwao ni "peaca". Kwa hiyo "Cáisc" na "peaca" zote zilikuja na dini ile ile, lakini si kwa wakati mmoja. Neno la mkopo, likisomwa vizuri, linabeba tarehe yake.

Na safari ya "clann" haikuishia hapo. Kwa Wagaeli wa Uskoti liliwataja watu wa uzao mmoja. Kiingereza kikalichukua, Kifaransa kikalipokea kutoka kwa Kiingereza, na Kifaransa kikatuletea sisi. Leo hapa kwetu mzee akiamua kuzungumza Kifaransa katika kikao cha ndoa, atasema "notre clan", akimaanisha ukoo wetu wa damu kabisa. Neno analolitumia kutaja ukoo ni neno lisilo na ukoo huko lilikopita: chipukizi la Kilatini lililolelewa na Waselti.

Si hilo peke yake. "Mouton" ya Kifaransa ni ya Kigauli. Ndugu zake ni "molt" ya Kiayalandi, "mollt" ya Kiwelisi na "maout" ya Kibretoni. "Chemin" nayo ilitoka kwa Wagauli, na jamaa yake ni "céim" ya Kiayalandi, hatua. Lakini msikimbilie kuongeza "gari" yetu kwa kuwa Wagauli walikuwa na "carrus", mama wa "char" ya Kifaransa. "Gari" ilitufikia kutoka lugha za India. Kufanana tu.

Ninachoomba

Kuna sababu ya kuandika haya katika gazeti letu. Lhuyd alipofika Cornwall mwaka 1700, Kikorni kilikuwa kinakufa. Katika karne iliyofuata kilinyamaza. Kimanksi kilimpoteza msemaji wake wa mwisho wa kuzaliwa nacho, Ned Maddrell, mwaka 1974. Leo kuna watu wanaozisema tena lugha hizo mbili kwa sababu waliowatangulia waliandika maneno ya kila siku: kichwa, chumvi, nyumba, mwana. Wengi wetu mwaka huu tutarudi vijijini kukusanya maneno ya babu na bibi kwa ajili ya kazi za mwisho wa masomo. Tukirudi na orodha ya maneno yanayofanana tu, tutakuwa tumekusanya "meza" nyingi.

Mimi sasa karatasi yangu ina safu tatu. Ya kwanza ni neno kama lilivyosemwa, na aliyelisema. Ya pili ni sauti ambayo sheria inanitaka niitegemee. Ya tatu ina swali: nani angeweza kulileta, na kwa njia gani? Safu ya tatu ndiyo inayochelewa kujaa. Wakati mwingine inanilazimu kufuta nilichokiandika katika ya pili.

Katika ekspoze ya pili niliandika ubaoni "clann" na "plant", nikawauliza wenzangu kama ni urithi. Karibu wote walijibu ndiyo, wakitaja sheria ya "k" na "p". Nikamtazama Mama Profesa. Safari hii alikuwa anaandika.